Dalali wa Ng'ombe na Gari la Ozi

Jaldesa hakuwa na ng'ombe. Kwa Muorma wa umri wake hilo lilikuwa jambo la ajabu, na wageni walipolisikia walidhani ni mtindo tu wa kusema, maana hata mwenye zizi zima husema hana kitu. Yeye hakuwa nao kweli. Wa baba yake waliisha katika ukame wa themanini na nne, yeye akiwa dereva wa lori la ranchi moja huko bara. Ranchi nayo ilipofungwa alishuka Garsen na viatu, kikoi na mdomo. Viatu ndivyo vilivyoisha kwanza.

Kikoi na mdomo vilimfanya dalali. Katika soko la mifugo la Garsen dalali husimama kati ya mwenye mnyama na mnunuzi, na bei haitajwi. Mikono miwili hukutana chini ya kikoi, vidole vikabanana, na walio pembeni hubaki kutazama nyuso mbili ambazo zimefundishwa kutosema kitu. Wengi wanaijua kazi hiyo. Kilichomtenga Jaldesa na wengine ni kwamba, kabla mikono haijaingia chini ya nguo, alizitaja kasoro za mnyama kwa sauti, kila mtu asikie.

"Huyu jicho la kushoto halimsaidii. Huyu amezaa mara nyingi kuliko meno yake yanavyokubali. Huyu hana kosa, mwenyewe ndiye ana haraka."

Watu walimwita mcha Mungu. Kumcha Mungu alimcha, lakini hii ilikuwa biashara. Kasoro ikitajwa hupunguza bei mara moja, basi, imekwisha. Kasoro ikifichwa hurudi sokoni imefungwa kamba, na mashahidi wanakuja nyuma yake. Jaldesa aliwaona madalali watatu wakirudishiwa wanyama namna hiyo, na wote watatu sasa walikuwa wakiuza makaa. Yeye hakuwahi kurudishiwa hata mbuzi. Hilo ndilo lilikuwa zizi lake. Hakuwa na jingine.

Mwaka wa tisini na tisa, maji ya El Niño yakiwa yameshaondoka lakini matope yake bado yanasimuliwa, alijiwa na mzee mmoja Mpokomo aliyeitwa Gershom. Mzaliwa wa Ngao, alikuwa amehamia Ozi kulima mpunga. Alifika na kofia mkononi, akamvuta Jaldesa pembeni.

"Bwana Jaldesa, nina kitu cha kuuza."

"Ng'ombe?"

"Mimi ng'ombe wa nini? Wenu wananitosha. Njia ya shamba langu wanaijua bila dalali."

"Mbuzi?"

"Gari."

Jaldesa akamtazama kama amesema tembo. Gershom akaeleza. Binti yake ameolewa Mombasa na kijana anaitwa Oliver, mfanyakazi wa bandarini, na kijana huyo, badala ya kumaliza mahari kidogo kidogo kama watu, alimletea baba mkwe gari dogo la Kijapani, la mtumba, jeupe, limeshuka melini juzi tu.

"Alijua unakaa Ozi?"

"Alikuja kuposa kwa mtumbwi. Alilowa mpaka kiunoni."

"Na bado akaleta gari."

"Alisema barabara itafika."

"Hilo nililisikia nikiwa mtoto."

"Hata mimi," akasema Gershom. "Ndiyo maana nataka kuliuza ninunue injini ya mashua."

Jaldesa angeweza kukataa. Lakini dalali akikataa bidhaa mbele ya macho ya soko, soko huanza kujiuliza anaogopa nini. Akasema atalitazama kwanza, na kama linauzika, litauzwa siku ya soko ijayo, kwa desturi yake yeye.

"Desturi gani?" akauliza Gershom, ingawa aliijua.

"Kasoro nitazitaja."

"Halina kasoro. Mkwe wangu mtu wa kanisani."

"Ng'ombe wa misheni nao walikufa na homa mwaka ule."

Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo cha mafuta, limefunikwa turubai. Jaldesa alianza kama anavyoanza kwa ng'ombe, yaani nyuma. Akapapasa tairi kwa kidole gumba, akanusa mafuta ya injini, akalala chini kutazama kama kuna kutu, akafungua na kufunga kila mlango akisikiliza. Ndani alikuta usukani mnene katikati, umeandikwa herufi asizozijua maana yake, SRS. Alipofungua ufunguo, taa kadhaa ndogo ziliwaka kwenye dashibodi. Mbili zilimshughulisha: moja nyekundu, ina picha ya mtu aliyekaa na mpira mbele ya uso wake, na moja ya manjano, imeandikwa ABS. Zote mbili ziliwaka kidogo kisha zikazima. Kitabu cha gari kilikuwepo, kizima, kimeandikwa Kijapani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Akaliendesha kuelekea Minjila. Kwenye lori la ranchi alifundishwa kwamba barabara ya changarawe haitaki breki ya kukanyaga na kushikilia. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga, unaachia, mpaka lori lisimame. Mguu wake ulikuwa umeishi hivyo miaka yote, na kwa mguu huo gari lilisimama kwa adabu kila alipoliambia. Wakati wa kurudi, ndama wa mtu akakurupuka kutoka vichakani. Jaldesa hakupata nafasi ya adabu. Akakanyaga mpaka mwisho.

Breki ikamtetemekea chini ya kiatu. Ilitetemeka kama ubavu wa ng'ombe mwenye homa ya kupe, na kutoka chini ya gari ikapanda sauti ya kusaga, kama kinu kimetiwa mawe. Jaldesa akaachia mguu kwa mshtuko. Ndama alipona kwa juhudi zake mwenyewe.

Akarudi kituoni akamkuta Gershom anakunywa chai.

"Linatetemeka," akasema.

"Nani?"

"Gari lako. Ukilikanyaga breki kwa nguvu linatetemeka na kunguruma."

Gershom akaweka kikombe chini. "Ni hiyo taa ya manjano? Ile ABS? Mimi tangu nilipoiona sikuipenda."

"Sijui. Nitauliza."

"Na usipopata jibu?"

"Nitasema linatetemeka."

"Kwani lazima useme? Kwa ng'ombe hutaji kila kupe."

"Kupe anaonekana."

Alirudi nyumbani na tatizo ambalo hakuwahi kuwa nalo. Kwa ng'ombe, angejua kwa kunusa tu kama ni ugonjwa au ni uchovu wa njia. Hapa hakujua. Akisema gari ni gonjwa nalo ni zima, amemnyang'anya Gershom mali yake mchana kweupe. Akisema ni zima nalo ni gonjwa, mtu atakufa ndani yake, na jina la Jaldesa litazikwa siku hiyo hiyo. Kusema sijui hakuwezekani. Dalali asiyejua ni mtu tu aliyesimama sokoni.

Garsen nzima alikuwepo mmoja aliyesemekana kuyajua magari mapya, naye ni Hudson, dereva wa shirika moja lililokuwa likigawa mahindi baada ya mafuriko. Hudson alikuwa amepelekwa Nairobi kwenye kozi. Alirudi na miwani ya jua, na tangu hapo alikuwa hawezi kuzungumza juu ya mvua bila kuipitisha kwenye ile kozi. Mtu kama huyo ukimwuliza moja kwa moja atakupandishia bei ya maneno. Jaldesa alimkuta ameegemea gari lake, akamsalimia, akaketi kivulini.

"Karisa fundi ananiambia ABS ni chombo cha kupunguza mafuta," akasema, kama mtu anayesimulia habari ya jirani.

Hudson akavua miwani. "Karisa anajua trekta, mzee. Hayo mengine msiwe mnamwuliza."

"Mimi nimekubali tu. Ameeleza vizuri."

"Ameeleza vizuri uongo." Hudson akachuchumaa, akachora gurudumu mchangani. "Sikiza. Ukikanyaga breki kwa nguvu, gurudumu linafungika. Halizunguki tena. Lakini gari bado linakwenda, sivyo?"

"Kama ng'ombe unayemvuta naye amekaza miguu."

"Hivyo hivyo. Huyo ng'ombe aliyekaza miguu, unaweza kumgeuza kona?"

"Unamburuta tu alikoelekea."

"Basi gurudumu lililofungika halisikii usukani. Unageuza kulia, gari linakwenda mtoni. Sasa ABS inahisi gurudumu linataka kufungika. Inalegeza breki, inakaza, inalegeza, inakaza, haraka kuliko mguu wa mtu yeyote. Huko kutetemeka unakosikia ndiyo kazi yenyewe."

"Sikusema nimesikia kutetemeka."

"Umekuja kwa sababu gani basi?"

Jaldesa akaliacha hilo lipite. "Na mtu akikanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia?"

"Anaiharibia kazi. Wewe ukanyage, ushikilie, ugeuze usukani unakotaka kwenda. Litetemeke lisitetemeke, usiachie."

"Kwa hiyo ni zima."

"Ni zima kabisa. Halina kasoro."

Jaldesa alikuwa hajawahi kukutana na mnyama asiye na kasoro, na hakuona kwa nini Wajapani wawe wamempata.

"Hapa kwetu," akasema, "kwenye changarawe hii. Linasimama karibu au mbali?"

Hudson akarudisha miwani machoni. "Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Gurudumu lililofungika kwenye changarawe hukusanya kokoto mbele yake kama jembe, hizo kokoto zikalizuia. La ABS linazunguka, halikusanyi. Kwa hiyo linaweza kwenda mbele zaidi kabla halijasimama. Lakini utakuwa unaliongoza."

"Hilo walilisema kwenye kozi?"

"Walilisema mwisho, watu wakiwa wanafunga mikoba."

Jaldesa akaitikia kwa kichwa polepole. Kasoro ya kwanza alikuwa ameipata, na ilimtuliza. Akauliza herufi za usukani na taa yenye picha ya mpira. Hudson akamwambia si mpira, ni mfuko wa hewa. Umekunjwa ndani ya usukani, na mwingine umekunjwa mbele ya kiti cha abiria. Gari likigonga kitu kwa nguvu, baruti inalipuka ndani, mfuko unajaa hewa kabla hujafumba jicho, na uso wako unaangukia hapo badala ya kuangukia chuma.

"Baruti," akasema Jaldesa.

"Kidogo tu."

"Kidogo ni neno la muuzaji. Na mkanda huu wa kiti ni wa nini basi, kama kuna mfuko?"

"Mkanda ndio wenyewe. Mfuko ni msaidizi wake. Usipofunga mkanda utaurukia mfuko ukiwa ndio unalipuka, ni kama umepigwa teke na punda. Na mtoto mdogo asikae mbele, wala asipakatwe mbele. Mfuko haujui huyu ni mtoto."

"Na taa?"

"Ukifungua ufunguo, zote mbili ziwake, kisha zizime. Zimekuamkia, ziko sawa. Zikiwaka zisizime, kuna ugonjwa. Zisipowaka kabisa, kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Aliyeficha ugonjwa."

Siku zilizobaki kabla ya soko Jaldesa alizitumia kuufundisha mguu wake. Aliweka tofali mbele ya kigoda, akawa anakanyaga na kushikilia, anakanyaga na kushikilia, maana mguu bado ulitaka kuachia wenyewe. Mke wake Mumina, aliyekuwa anapima maziwa ya kupeleka sokoni, alimtazama muda.

"Unakanyaga nini?"

"Breki."

"Nyumba imeshasimama."

"Najizoesha."

"Jizoeshe," akasema Mumina. "Isije ikatuondokea."

Mnunuzi alipatikana bila shida. Abdiaziz, Msomali mwenye duka la vyuma na mabati, alikuwa akitafuta gari la kumpeleka mama yake Malindi kwa daktari wa nyonga. Pesa zilikuwa za Abdiaziz. Uamuzi ulikuwa wa mama yake, na kila mtu Garsen alijua hivyo, Abdiaziz akiwa wa kwanza. Bibi Bishara alikuwa ameishi ujana wake wote akifuata ngamia, na sasa nyonga ilipokuwa imemfunga mjini, alifuata kila kitu kingine kwa macho.

Siku ya soko gari lilisimamishwa mahali wanaposimamishwa mafahali. Watu wakajaa. Gershom alivaa shati la Jumapili. Abdiaziz alifika akimshika mama yake mkono, na Bishara akalizunguka gari mara moja kwa fimbo yake, akafungua mlango wa mbele wa abiria, akaketi.

"Hapa ndipo nitakapokaa," akasema. "Na mjukuu nitampakata."

Jaldesa akapanda juu ya gogo la kupakilia ng'ombe, akasafisha koo.

"Gari hili ni la Mzee Gershom wa Ozi. Lina kasoro mbili. Ya kwanza: kwenye changarawe, ukilikanyaga breki kwa nguvu litatetemeka, na litasimama mbele zaidi ya lori la zamani. Kutetemeka si ugonjwa. Ni namna yake ya kushika breki bila kufunga magurudumu, ili usukani uendelee kusikia. Lakini litasimama mbele zaidi. Nimesema."

Gershom akamvuta kikoi kwa chini. "Unaniulia gari."

"Ya pili: ndani ya usukani, na mbele ya kiti alichokalia mama Bishara, mna mfuko wa hewa. Mfuko huo hujazwa kwa baruti siku ya ajali."

Waliokuwa karibu na gari wakasogea nyuma kidogo, si sana, ili isionekane wamesogea. Abdiaziz akakuna ndevu.

"Bwana Jaldesa. Mimi napita vizuizi vinne vya polisi mpaka Malindi. Mtu wa jina langu na sura yangu. Nikiulizwa gari lina nini, niseme lina baruti?"

"Sema lina mfuko wa hewa. Ukiongeza neno, hilo neno ni lako."

Watu wakacheka. Jaldesa hakucheka. "Anayekaa mbele afunge mkanda, na mtoto asipakatwe mbele."

"Mjukuu wangu?" akasema Bishara kutoka ndani.

"Yeye akae nyuma, mama. Au wote wawili mkae nyuma."

"Mimi nikae nyuma kama mbuzi wa kupelekwa sadaka?"

"Basi mbuzi awe mjukuu peke yake."

Bishara akafikiri. Alionekana kuliona hilo kuwa na mantiki zaidi. Jaldesa akaendelea, akijua ameshafika mahali pazuri. "Sasa mtaona uzima wake. Abdiaziz, ingia, fungua ufunguo. Taa mbili zitawaka kisha zitazima. Nyekundu ni ya mfuko. Ya manjano ni ya breki. Isipowaka moja, ujue kuna mtu amelichezea."

Abdiaziz akaingia, akafungua ufunguo. Vichwa vikajaa madirishani. Nyekundu ikawaka, ikazima.

Ya manjano haikuwaka.

"Fungua tena," akasema Jaldesa.

Akafungua tena. Nyekundu ikawaka, ikazima. Mahali pa ABS palikuwa peusi.

Kimya kilichofuata Jaldesa alikijua. Alikuwa amekisikia mara tatu sokoni hapo, na kila mara kilikuwa cha mtu mwingine. Kutoka nyuma dalali mmoja wa mbuzi akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Leo Jaldesa kaletewa ng'ombe aliyepakwa rangi."

Abdiaziz akatoka garini. Hakuonyesha hasira. Alikunja kikoi alichokuwa amekitandika begani tayari kwa mazungumzo ya vidole. "Mama, twende dukani."

Jaldesa hakumtazama Abdiaziz. Alimtazama Gershom. Gershom alikuwa akiitazama kofia yake.

"Nani amelifungua gari?"

Hapo ndipo Karisa fundi, aliyekuwa amesimama pembeni akila muwa, akainua mkono. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliambiwa nitoe balbu, nikatoa. Sikuambiwa sababu."

"Iko wapi?"

"Niliitia kwenye pikapu ya miraa. Yao ilikuwa imeungua. Imekwenda Lamu asubuhi na msafara unaosindikizwa na polisi."

Gershom akapata sauti. "Wewe ulisema linatetemeka. Nikafikiri hiyo taa ndiyo inatangaza homa. Nikasema wanunuzi wasitishike. Sikujua umeshauliza, sikujua si ugonjwa."

Yaani mzee alikuwa ameficha kitu ambacho hakikuwa kasoro, na kwa kukificha akakifanya kasoro. Jaldesa alilielewa hilo mara moja, na halikumsaidia. Angeweza kusema pole na kulirudisha gari chini ya turubai. Gershom angerudi Ozi na ufunguo. Lakini kabla ya jua kutua maneno yangekuwa Minjila, na kesho Witu: Jaldesa aliahidi taa, taa haikuwepo. Hakuna ambaye angesimulia habari ya Karisa na balbu. Ni ndefu mno.

Akapanda tena juu ya gogo.

"Kasoro ya tatu," akasema, kwa sauti ile ile ya mwanzo. "Taa ya breki imetolewa na mwenye gari, kwa ujinga."

"Ujinga?" akasema Gershom.

"Ungependa niseme wizi?"

Gershom akaona ujinga unamtosha.

"Taa ni shahidi tu," Jaldesa akaendelea. "Shahidi amekwenda Lamu. Tukaulize breki zenyewe. Abdiaziz, njoo. Ukirudi ukiwa hutaki, mimi mwenyewe nitatangaza hapa kwamba gari ni gonjwa, na sitaliuza kwa mtu mwingine yeyote."

Hilo lilikuwa zito, na wote walilisikia. Abdiaziz akamtazama mama yake. Bishara alikuwa ameshatoka garini na anaegemea fimbo. "Nenda," akasema. "Mimi nitasimama barabarani."

Pipa tupu likabingirishwa katikati ya barabara ya Minjila, mahali penye changarawe iliyolegea. Watu wakajipanga mbali. Jaldesa akafunga mkanda, akamfunga Abdiaziz wake, maana Abdiaziz alikuwa akiutazama kama anatazama kamba ya mtu mwingine. Akaenda mpaka wakapotea kwenye kona, akageuza, akaja kwa kasi.

Pipa likakua. Abdiaziz akaanza kusoma dua, kwa utulivu, tangu mwanzo. Jaldesa akakanyaga mpaka mwisho.

Breki ikatetemeka na kunguruma. Mguu wake ukataka kuachia. Haukutaka kwa woga. Ulitaka kwa sababu ndivyo ulivyolelewa, na mguu uliofundishwa namna moja ujana wote hausikii kozi. Aliubana kwa paja na kwa tumbo. Akageuza usukani kulia. Gari, likiwa bado linanguruma, likakubali. Likapita kando ya pipa bila kuligusa, akarudisha usukani, likanyooka, likaendelea mbele kidogo zaidi ya ambapo angependa, likasimama.

"Limepita pipa," yule dalali wa mbuzi akasema kwa sauti. "Halikusimama."

"Nilisema litapita," akasema Jaldesa dirishani. "Ilikuwa kasoro ya kwanza. Hukuwa unasikiliza?"

Lakini watu wengi hawakuwa wakimsikiliza yeye wala dalali wa mbuzi. Walikuwa wakimtazama Bishara. Mwanamke yule alikuwa ameingia barabarani, ameinama kadiri nyonga ilivyomruhusu, anafuata alama za magurudumu hatua kwa hatua, kama mtu anayemtafuta ngamia aliyepotea usiku uliopita. Watu wakampisha. Hapo Garsen kuna wengi wanaosoma nyayo, na wote walianza kuinama nyuma yake.

"Hooyo, mama yangu, tuambie," akasema Abdiaziz akishuka garini.

Bishara akagusa chini kwa fimbo. "Lori la mahindi likifunga breki hapa huacha njia mbili laini, zimenyooka, hazina mchoro. Linaburuta. Tazama hapa. Mchoro wa tairi upo. Hapa umekwanguka kidogo, hapa upo, hapa umekwanguka, hapa upo. Mpaka mwisho." Akasogea hadi penye pipa. "Na hapa limekata kona, breki ikiwa bado imekanyagwa. Mnyama aliyekaza miguu hakati kona."

"Miguu yote minne?" akauliza mzee mmoja.

"Njoo uhesabu mwenyewe, nawe una macho."

Mzee akaja, akahesabu, wengine wakaja nyuma yake. Hakuna aliyepinga. Mtu angeweza kubishana na taa, na Hudson, na hata na Jaldesa. Nyayo zilikuwa chini, wazi, na zinasomwa na kila mtu.

"Ni zima," akasema Bishara, akainuka kwa taabu. "Na hiyo taa yenu, mimi ningeionaje na macho haya?"

Abdiaziz akakikunjua kikoi tena. Mkono wake na wa Jaldesa ikaingia chini yake. Vidole vya Abdiaziz vilisema bei ya gari zima, kisha vikatoa kipande kwa ajili ya kasoro ya kwanza, ambacho Jaldesa alikikubali, kisha kipande kwa ajili ya baruti, ambacho Jaldesa alikirudisha nusu, kisha kipande kikubwa kwa ajili ya taa. Jaldesa akakaa nacho kidogo. Nyuso zao hazikusema kitu. Gershom, aliyesimama mbele yao, alizisoma zile nyuso mbili akakata tamaa ya kusoma.

Jaldesa akakubali kipande chote, bila kumwuliza mwenye gari.

"Kimekatwa kikubwa?" akauliza Gershom walipomaliza.

"Kimekatwa cha balbu."

"Balbu yenyewe ni kitu kidogo hivi."

"Ungeiacha mahali pake ingekuwa kitu kidogo."

Gershom akavaa kofia. Alikuwa mkulima, na alijua kuna msimu ambao unachukua unachopewa na kuondoka kabla mvua haijaongezeka. Akachukua, akaenda kutafuta mashua ya kurudi nayo Ozi. Dalali wa mbuzi akapata mteja, akarudi kwenye mbuzi zake. Bishara akaingia kiti cha mbele, akavuta mkanda mwenyewe, akauliza wanaufunga wapi.

Soko lililofuata mtu mmoja wa Kau alikuja akimwulizia dalali anayeuza magari. Watu wakamwonyesha Jaldesa bila kufikiri, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mgeni huyo alikuwa na pikapu, imeegeshwa nje ya soko, na akasema ni nzima, mtu aje tu aitazame.

Jaldesa hakwenda kuitazama. Alimwita Karisa kwanza.

"Hiyo pikapu umeifungua?"

"Bado," akasema Karisa.

"Usiifungue."